Namna ya Kutoboa Tundu Dogo la Mraba katika Chuma Kinene kwa Ajili ya Zana za Uhunzi

Fuawe ya kiwandani huja ikiwa na tundu la mraba kwenye uso wake, na mhunzi hulitumia kusimamishia kikatio, uma wa kukunjia na zana nyingine ndogo zenye shina la pembe nne. Mafundi wetu wengi, hata hivyo, hufulia juu ya kipande cha reli au pande la chuma lililotoka kwenye mtambo mbovu, na vyuma hivyo havina tundu lolote la kusimamishia zana. Njia nafuu ya kuondoa upungufu huo ni kutengeneza bamba nene lenye tundu la mraba, ambalo hufungwa juu ya gogo kando ya fuawe au hubanwa kwenye jiliwa. Bamba la namna hiyo hiyo, likiwa na tundu dogo zaidi, ndilo linalotumika kupiga vichwa vya misumari ya mraba na boliti zenye shingo ya mraba, na likichomelewa mipini miwili huwa kifaa cha kusokotea pau za madirisha na mageti.

Mwongozo huu unashika mfano mmoja tangu mwanzo: tundu lenye upana wa milimita 12 kila upande katika bamba la unene wa milimita 25. Atakayetaka kipimo kingine atafuata hesabu zile zile.

Pembe ndizo kazi yenyewe

Biti ya drili hutoa duara. Duara la kipenyo cha milimita 12 ndani ya mraba wa milimita 12 huacha takriban asilimia 21 ya eneo bila kuguswa, na masalia hayo yote hujibana kwenye pembe nne. Kila pembe hubaki na chuma cha karibu milimita za mraba 7.7, na ukizidisha kwa kina cha bamba unapata kiasi cha milimita za ujazo 190 ambazo ni lazima zitolewe kwa tupa, msumeno au nyundo. Kwenye bamba la milimita 3 hiyo ni kazi ya muda mfupi. Kwenye milimita 25 tupa inafanya kazi gizani, fundi haoni inakula wapi, na ndiyo maana matundu mengi huonekana mraba mzuri juu na chini huku katikati yakiwa na tumbo au yamepinda.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia, fundi ajiulize pembe hizo zinahitaji ukali kiasi gani. Kwa maoni yangu, katika zana za uhunzi hazihitaji ukali kabisa. Kinachozuia shina lisizunguke ni kuta nne bapa, ilhali pembe kali ndipo mahali ufa unapoanzia, hasa chuma kikishatiwa ugumu. Tena ni rahisi mno kupunguza pembe za shina, ambazo ziko nje mbele ya macho, kuliko kuchonga pembe kali ndani ya kina cha tundu. Shina la milimita 12 likipunguzwa milimita 1.5 kwenye kila pembe litaingia bila tabu katika tundu ambalo pembe zake zimeachwa na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 1.5. Fundi akilikubali jambo hili, kazi inapungua karibu nusu, na mbinu zote zinazofuata zimejengwa juu yake.

Kuchagua chuma na kupiga mistari

Kwa bamba la kushikia zana, chuma laini cha kawaida cha ujenzi kinatosha, kwa sababu mapigo ya nyundo hupokelewa na mabega ya zana na kusambazwa juu ya uso mpana. Kwa bamba la kupigia vichwa vya misumari, ambalo mdomo wa tundu lake hupigwa moja kwa moja, springi ya lori ni bora zaidi. Springi hiyo, hata hivyo, imekwisha kutiwa ugumu kiwandani na itaua biti. Ipashwe moto hadi sumaku isiinase tena, iongezwe moto kidogo, kisha izikwe kwenye majivu makavu au chokaa kavu hadi ipoe yenyewe, jambo linaloweza kuchukua usiku mzima. Reli ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, na biti ikisuguliwa juu yake bila kukata huzidi kuifanya ngumu mahali hapo. Ununuapo vyuma chakavu vya reli au vya nguzo za umeme, dai risiti: kukutwa na mali ya shirika la reli bila maelezo ni kesi inayoweza kumfunga fundi asiyehusika na wizi wenyewe.

Safisha uso wa bamba kwa tupa au grainda hadi ung'ae, kisha upake maji yaliyoyeyushwa mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu. Chuma kitavaa utando mwembamba wa shaba, na mistari itakayochorwa kwa kalamu ya chuma itaonekana wazi kuliko chaki, wala haifutiki kwa mafuta ya kukatia. Chora mraba wa milimita 12, na kati ya ukuta wa tundu na ukingo wa bamba uache angalau milimita 18, yaani mara moja na nusu ya upana wa tundu. Chora pia mraba huo upande wa pili, ukipima kutoka kwenye kingo zile zile, kwa kuwa utahitaji kufanyia kazi pande zote mbili.

Kutoboa kwa drili na kumalizia kwa tupa

Njia hii ndiyo ya polepole kuliko zote na ndiyo inayohitaji vifaa vichache. Ndani ya mraba, weka alama nne kwa panchi, kila moja ikiwa milimita 1.5 kutoka kwenye mistari miwili inayokutana pembeni mwake, kiasi kwamba alama jirani zinaachana kwa milimita 9. Toboa alama hizo kwanza kwa biti ya milimita 3. Utaratibu huu usigeuzwe: ukianza na tundu kubwa la katikati, biti ndogo itateleza na kuangukia ndani yake, kisha itavunjika. Biti ya milimita 3 inayoshuka milimita 25 ni dhaifu, hivyo ishushwe kidogo kidogo na kuinuliwa kila mara ili chembe za chuma zitoke na mafuta yafike nchani. Fundi asiye na subira atumie biti ya milimita 4, alama zake zikiwa milimita 2 kutoka kwenye mistari, na baadaye apunguze pembe za shina kwa milimita 2; hatapoteza kitu.

Baada ya hapo toboa katikati kwa biti ya milimita 9, ambayo haitayagusa matundu ya pembeni yakiwa ya milimita 3, kisha upanue kwa biti ya milimita 11.5. Hatua hii ya mwisho huyakata matundu madogo kwa ubavuni na biti hupenda kunasa, kwa hiyo bamba lifungwe kwa klampu na kamwe lisishikiliwe kwa mkono. Katika chuma laini, biti ya kawaida ya chuma hufanya kazi vizuri ikikata kwa mwendo wa kama mita 25 kwa dakika, nao ni sawa na mizunguko 2,600 kwa dakika kwa biti ya milimita 3 na mizunguko 700 hivi kwa biti ya milimita 11.5. Kwenye springi iliyolainishwa, punguza mizunguko hiyo kwa nusu. Glavu zisivaliwe kwenye drili, kwa kuwa zikinaswa huvuta mkono mzima. Miwani ivaliwe muda wote.

Sasa kilichobaki ni vigongo vinne vya chuma vilivyotokeza kati ya tundu moja dogo na jingine, na hapa ndipo faida ya matundu ya pembeni inapoonekana, kwani pembe zimekwisha kupatikana. Msumeno wa chuma ambao upapi wake umesagwa ukawa mwembamba unaweza kupitishwa ndani ya tundu, ukafungwa upya kwenye fremu yake, ukaondoa sehemu kubwa ya vigongo hivyo. Kinachobaki ni cha tupa.

Tumia tupa ya mraba yenye upana wa milimita 6 au 8, nayo itayarishwe kwanza: saga meno ya upande wake mmoja kwenye jiwe hadi uwe laini. Upande huo laini ndio utakaoegemea ukuta ambao umekwisha kunyooka, huku upande wa jirani ukikata, na hivyo ukuta mmoja hautaharibiwa wakati wa kunyoosha mwingine. Sugua chaki kwenye meno ya tupa ili chembe za chuma zisinate na kuacha michubuko. Sukuma kwa uzito, rudi bila uzito, na geuza bamba mara kwa mara ili ufanye kazi kutoka pande zote mbili, maana mkono wa binadamu hupenda kuinua na kushusha tupa, na midomo ya tundu hupanuka kabla ya tumbo la katikati kuisha.

Kipimo cha kuaminika hapa ni kipande cha pau ya mraba kilichonyooka, chenye upana wa milimita 12 na pembe zilizopunguzwa. Kipake masizi ya taa ya mafuta, kiingize kadiri kinavyokubali, kitoe, kisha uangalie ndani ya tundu kwa tochi. Mahali penye alama nyeusi inayong'aa ndipo penye kigongo, na hapo tu ndipo tupa ipite. Rudia hadi kipande kipite kwa kusukumwa na kidole gumba na kiwe na mchezo, yaani nafasi ya kusogea, wa milimita 0.2 au 0.3. Zana inayobana mno ndani ya tundu ni usumbufu, kwa sababu ikipata joto hutanuka na kukataa kutoka.

Kukata pembe kwa jeki

Anayekusudia kutoboa matundu mengi ya kipimo kimoja hana sababu ya kujichosha kwa tupa. Afadhali aende kwa fundi wa kukereza, amtengenezee kikatio cha kusukuma kutokana na pau ya mraba ya milimita 12 ya chuma kinachokubali kutiwa ugumu. Pau hiyo hufungwa kwenye mashine ya kukereza na pembe zake hukerezwa: mwanzoni huwa karibu duara la milimita 12.4, ili sehemu hiyo iingie kwenye tundu lililotobolewa kwa biti ya milimita 12.5 na kukiongoza kikatio kisipinde, kisha kipenyo cha pembe kiongezeke jino baada ya jino hadi milimita 15.6. Kila jino likizidi lililotangulia kwa milimita 0.2 za kipenyo, meno yatakuwa 16. Nafasi kati ya jino na jino iwe milimita 8, ili katika bamba la milimita 25 daima kuwe na meno yasiyopungua matatu yanayokata. Nafasi ikizidi hapo, kikatio hurukaruka na kuvunja meno. Mbele ya kila jino lazima kuwe na mfereji wa kutosha kuhifadhi chuma kilichokatwa, kwa sababu hakina pa kutokea hadi jino lipite upande wa pili.

Kikatio kitiwe ugumu kwa kuzamishwa katika mafuta kikiwa chekundu, kisha kipashwe tena taratibu hadi uso uliosafishwa upate rangi ya manjano kama majani makavu. Kusukuma kunafanywa kwa jeki ya lori ya tani 10 ndani ya fremu imara, kwa mwendo wa taratibu na mafuta mengi. Biti ya milimita 12.5 itaacha mfereji mwembamba katikati ya kila ukuta, wenye kina cha robo ya milimita, nao hauna madhara yoyote. Nyundo isitumike badala ya jeki: chuma kigumu kinachogongwa hurusha vipande, na jicho moja lina thamani kuliko bamba zima.

Kutoboa kwa moto

Njia ya mhunzi mwenyewe haitoi pembe, bali huisukuma. Hapa chuma hakipotei isipokuwa kizibo kidogo, na nyuzi zake huzunguka tundu badala ya kukatwa. Inahitajika tanuri linaloweza kupasha bamba la milimita 25 hadi ndani kabisa, msaidizi wa nyundo nzito, na panchi ya mraba iliyofungwa kwenye mpini mrefu. Ncha ya panchi iwe bapa, yenye upana wa milimita 9 au 10, kingo zake zikiwa kamili na pembe zake zikiwa zimepunguzwa kidogo, na mwili wake upanuke polepole kuelekea kichwani ili isinaswe.

Bamba lipashwe hadi rangi ya chungwa inayoelekea manjano, na liachwe motoni kwa muda baada ya uso kufikia rangi hiyo, kwa kuwa ndani huchelewa. Likianza kurusha cheche, limeungua. Mapigo mawili ya kwanza yawe mepesi. Toa panchi, angalia kama alama iko katikati, rekebisha kama haiko, kwa sababu baada ya pigo la nne hakuna tena urekebishaji. Kisha piga kwa nguvu mara tatu au nne, toa panchi, ipoze kwenye maji kabla haijawa nyekundu, na utie unga kidogo wa makaa ya mawe ndani ya tundu. Unga huo hutoa gesi unapoungua na kuizuia panchi isinate. Rangi ya bamba ikififia na kuwa nyekundu iliyokoza, lirudishe motoni bila kubembeleza pigo moja zaidi.

Panchi ikikaribia upande wa pili, mlio wa nyundo hubadilika na mkono huhisi kana kwamba unapiga fuawe tupu. Hapo geuza bamba. Utaona doa la mraba lililo jeusi kuliko eneo linalolizunguka, kwani mahali hapo chuma chembamba kimepozwa na fuawe. Weka panchi juu ya doa hilo, peleka bamba juu ya uwazi wowote ulio chini yake, na pigo moja la uhakika litaangusha kizibo. Ukichelewa, doa hutoweka, na itabidi ulitafute upya kwa kupasha bamba na kuliegemeza tena kwenye fuawe.

Tundu hili la kwanza ni dogo na kuta zake zimeinama. Hupanuliwa na kunyooshwa kwa kipitisho, yaani pau ya mraba iliyochongoka pande zote mbili na yenye kipimo kamili katikati, inayopigwa upande mmoja hadi ikaangukia upande wa pili, kisha ikapigwa kutoka upande ule mwingine. Kipimo cha kipitisho kisiwe milimita 12 barabara. Chuma kinapopoa kutoka kwenye wekundu hadi joto la kawaida husinyaa kwa karibu asilimia 1, kwa hiyo kipitisho cha milimita 12 kitaacha tundu la milimita 11.9, ambalo litakataa shina. Tengeneza kipitisho cha milimita 12.4 ili mchezo unaohitajika ubaki. Kingo za bamba zitakuwa zimevimba pembeni mwa tundu. Zirudishwe kwa nyundo wakati kipitisho kiko ndani, la sivyo tundu litajifunga.

Kuunganisha vipande

Mwenye mashine ya kuchomelea na asiye na tanuri anaweza kukwepa kutoboa kabisa. Vipande vinne vya pau ya milimita 25, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 37, hupangwa kuzunguka kipande cha kipimo cha milimita 12 kwa namna ambayo ncha ya kila kimoja inasukuma ubavu wa jirani yake, na matokeo ni pande la milimita 62 kwa 62 lenye tundu katikati. Kingo za nje za viungo zisagwe mteremko ili uchomeleaji uzame ndani, na kipande cha kipimo kipakwe masizi na kitolewe mapema kabla viungo havijavuta. Pande hili ni zuri kwa kushikia zana na kukunjia. Silipendekezi kwa kupigia vichwa, kwa sababu viungo vinne viko kwenye pembe, yaani pale pale ambapo mapigo hutafuta ufa.

Tundu la misumari

Majahazi ya Lamu na Unguja yalipigiliwa kwa misumari ya mraba iliyofuliwa kwa mkono, na bamba la kupigia vichwa vyake lina sharti moja ambalo bamba la kushikia zana halina: tundu liwe limeinama. Kama mdomo wa juu, palipo na kichwa cha msumari, ni milimita 6, mdomo wa chini uwe 7 au 8, ili msumari ukamatwe juu tu na uanguke wenyewe ukishapoa. Hapa tupa ielekezwe kutoka chini, na kwa moto kipitisho chembamba kipigwe kutoka chini pekee. Uso unaozunguka mdomo wa juu uachwe umeinuka kidogo kama kilima, ili nyundo ipige kichwa cha msumari bila kuugusa uso wa bamba kwa ukingo wake.

Bamba la springi litiwe ugumu likiwa tayari kabisa: lipashwe hadi sumaku iliachie, lizamishwe katika mafuta na wala si maji, lisafishwe, kisha lipashwe taratibu kutoka upande wa mpini hadi rangi ya buluu ifike kwenye tundu. Jaribu kwa msumari mmoja. Ukigoma kutoka baada ya kutumbukizwa majini pamoja na bamba, usiupige kwa hasira. Utoe kwa kuugonga polepole kutoka chini, kisha upake masizi kipande cha kipimo na kutafuta kigongo ndani ya tundu, ambacho mara nyingi huwa milimita chache tu chini ya mdomo wa juu. Kwa kuwa sasa chuma ni kigumu kwa tupa ya kawaida, kiondolewe kwa tupa ya almasi au kijiwe chembamba cha kunolea.